Ramani ya mikoa 31 ya vipande: shajara ya kazi

Kinachotengenezwa hapa ni ramani ya Tanzania ya watoto kuchezea, kila mkoa ukiwa kipande kinachotoka na kurudi mahali pake. Nakala ni nne: moja ya nyumbani, moja ya watoto wa dada yangu, na mbili za jirani yetu hapa Tabata, mwalimu wa Darasa la Tatu. Mashine ni Silhouette Cameo 3 ya mtumba, inayokata karatasi kwa kisu kidogo kikifuata faili la kompyuta. Nimeinunua kwa dada mmoja aliyekuwa akiikatia mapambo ya keki, shilingi 480,000 pamoja na mkeka wake wa kunata wa kulazia karatasi, uliochoka. Inakata upana wa inchi 12, yaani sentimita 30.5, na upana huo ndio ulioamua karibu kila kitu kinachofuata.

Nitaongeza maandishi kila hatua ikiisha. Hatua za kawaida nitazipita haraka. Penye shida nitakaa, maana hapo ndipo karatasi na hela huishia.

Jumamosi, 8 Machi 2025: kutafuta mipaka

Sikuchora kwa mkono. Mafaili ya mipaka ya mikoa yapo mtandaoni bure, ila angalia faili ni la mwaka gani kabla hujalipenda. La kwanza nililopakua lilikuwa na mikoa 30: Mbeya inashuka hadi Tunduma, Songwe hakuna, ilhali Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Yapo ya zamani zaidi ambayo hayana Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, mikoa ya mwaka 2012. Hesabu kwanza: bara 26, Zanzibar 5. Isipofika 31, achana nalo.

Shida ya pili ni nukta. Faili la wataalamu wa ramani lina maelfu ya nukta kwenye kila mpaka, na kwa mashine kila nukta ni mahali pa kisu kugeuka. Ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza uliifanya Cameo itetemeke mahali pamoja kwa muda, kisu kikichana manila badala ya kuikata. Nukta lazima zipunguzwe. Ukizipunguza kwa kila mkoa peke yake ndani ya Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, majirani wanaachana: mpaka wa Iringa unanyooshwa hivi, wa Dodoma vile, katikati inabaki nyufa. Kazi hii ifanyie kwenye Mapshaper, programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari. Yenyewe inatambua kwamba mpaka wa Iringa na Dodoma ni mstari mmoja, ikiupunguza inaupunguza kwa wote wawili. Nilishuka hadi asilimia 3 ya nukta. Kuna kisanduku cha kuzuia maumbo madogo yasifutike, kiwashe. Hata kikiwa kimewashwa, Dar es Salaam yangu ilibaki pembetatu, nikairekebisha kwa mkono.

Gharama ya wiki hii: bando tu.

Jumamosi, 15 Machi: mstari mmoja uwe mmoja

Jaribio la kwanza kwenye manila ya kawaida lilitoka na kingo zenye manyoya, hasa Singida, ambayo imezungukwa na majirani kila upande. Kisu kipya, shilingi 45,000, hakikubadilisha chochote.

Jibu nilipewa na kijana anayekata stika za bajaji karibu na kituo. Aliushika mkoa mmoja, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Dada, hapa kisu kimepita mara mbili. Futa mstari mmoja." Ni kweli. Faili linaifahamu Singida kama umbo kamili na Dodoma kama umbo kamili, kwa hiyo mpaka wao umo mara mbili, moja juu ya nyingine. Kisu kikirudi kwenye mkato uliokwisha kukatwa hakikati tena, kinainua ukingo na kuukunja.

Mapshaper ina amri ya `-innerlines`, inayotoa mipaka ya ndani peke yake, kila mmoja mara moja tu. Mzunguko wa nje wa nchi nikauhifadhi pembeni. Ndani ya Inkscape nikaipa mipaka ya ndani rangi nyekundu na mzunguko wa nje rangi nyeusi, kisha kwenye programu ya mashine nikaagiza kukata kwa rangi, nyekundu kwanza. Mpangilio huo usiugeuze. Mzunguko wa nje ukikatwa mwanzo, nchi nzima inabaki kisiwa kilicholegea juu ya mkeka na mikoa ya katikati inateleza.

Toleo la bure la Silhouette Studio, programu ya mashine, halifungui mafaili ya SVG ambayo Inkscape huhifadhi, linafungua ya DXF. Kutoka Inkscape chagua DXF R14 na kipimo cha milimita. Weka mraba wa sentimita 10 pembeni ya ramani na uupime ndani ya programu ya mashine kabla ya kukata. Wangu uliingia ukiwa umetanuka kujaza ukurasa. Nikazima chaguo la kutanua kwenye mipangilio ya kuingiza mafaili, mraba ukawa mraba.

Vipimo vilivyokubali kwa manila: kina cha kisu 3, nguvu 18, kasi 4, pito moja. Mkeka wa zamani niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikauacha ukauke kivulini, ukashika tena kiasi. Ukiwa mpya utakupa shida ya kinyume: utang'ang'ania karatasi. Ubandike kwanza kwenye fulana mara kadhaa upunguze makali. Na wakati wa kubandua, pindua mkeka uso chini na uukunje wenyewe, karatasi ibaki imelala. Ukiivuta karatasi inajiviringisha na hainyooki tena vizuri.

Jumapili, 23 Machi: Dar es Salaam haishikiki

Tanzania ina kama kilomita 1,200 kwenda mashariki na magharibi, na kaskazini na kusini si mbali na hapo. Ukiibana kwenye sentimita 29, sentimita moja inakuwa kilomita 42. Tabora, yenye zaidi ya kilomita za mraba 76,000, inapata sentimita za mraba 43, kipande kizuri cha kushika. Dar es Salaam ina karibu 1,400. Hiyo ni chini ya sentimita moja ya mraba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu, na kisu kikiikata inaruka.

Binti yangu, kitu cha kwanza alichotafuta kwenye ramani ni Tabata. Ramani isiyo na mahali anapokaa mtoto hataichezea, hilo nimeliona wazi. Nikaivuta mistari ya Dar es Salaam ndani ya Pwani mpaka kipande kikafika sentimita 3 za mraba. Pwani ina nafasi, haikuumia. Huu ni uongo wa kijiografia na nimeuandika wazi chini ya ramani: "Dar es Salaam imekuzwa." Mwalimu jirani alikubali kwa sharti hilo hilo.

Mafia na Ukerewe sikuzikata. Kwa kipimo hiki zinakuwa punje, na hakuna namna ya kuzikuza bila kuharibu umbo la pwani au la ziwa. Zitachorwa kwenye ubao wa chini, zibaki hapo.

Kwa wenye watoto wadogo: kipimo cha usalama wa vitu vya kuchezea kinachotumika Ulaya na Marekani ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7. Chochote kinachozama chote ndani ya bomba hilo hakifai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Hapa Kilimanjaro tu na mikubwa kuliko yake inaweza kusalimika, tena si yote. Mdogo wake binti yangu ana miaka miwili na kila kitu kwake ni chakula, kwa hiyo ramani hii inalala juu ya kabati.

Jumamosi, 5 Aprili: Zanzibar

Mpango wangu ulikuwa vipande viwili, Unguja na Pemba, kila kimoja kama sentimita mbili urefu. Mama mkwe alikuja kwa Idi. Kwao ni Wete. Aliitazama manila juu ya meza kwa muda, akauliza, "Mwanangu, Tabora umeipa kiganja kizima, Pemba yangu umeipa ukucha?"

Nikamwambia, "Mama, ndivyo ilivyo kwa kipimo."

"Na Dar es Salaam je?"

Sikuwa na jibu. Kama Dar imekuzwa kwa sababu watoto wanakaa huko, Pemba nako wapo watoto. Tena mikoa ya Zanzibar ni mitano, na kuifanya miwili kungenipa ramani ya mikoa 28 yenye jina la mikoa 31.

Kona ya kaskazini mashariki ya karatasi, inapokaa Kenya, ni tupu. Hapo nimeweka Unguja na Pemba zikiwa zimekuzwa mara tatu na nusu, sentimita moja kwa kilomita 12. Unguja ina urefu wa sentimita 7 na imegawanyika Kaskazini, Kusini na Mjini Magharibi. Pemba ina Kaskazini na Kusini. Mjini Magharibi bado ni kipande kidogo kuliko vyote, sentimita moja na robo kwa moja na robo, lakini vidole vya mtoto wa miaka minane vinakiweza. Mahali pake halisi baharini nitachora visiwa vyote viwili kwa ukubwa wake wa kweli, pamoja na mshale. Wakenya watuwie radhi kwa kona yao.

Jumamosi, 12 Aprili: rangi nne na mvua

Ramani yoyote bapa inaweza kupakwa rangi nne tu bila majirani wawili kufanana. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walilithibitisha hilo mwaka 1976 wakisaidiwa na kompyuta. Kwa mkata manila habari hii ina faida ya mfukoni. Unakata ramani nzima kwenye shiti nne za rangi tofauti, waridi, njano, kijani na chungwa, kisha unabadilishana vipande. Unapata ramani nne kamili zenye rangi zilizochanganyika na hakuna mkoa unaotupwa. Ndiyo maana nakala ni nne, wala si kwa ukarimu.

Hesabu ilikuwa nzuri, vipande vikakataa. Upande wa Kigoma na Kagera vyote vilikaa. Kadiri nilivyosogea kusini mashariki, vya waridi na kijani vilizidi kubana, na nilipofika Mtwara kulikuwa na ziada ya karibu milimita moja na nusu. Faili ni lile lile na mashine ni ile ile. Tofauti ilikuwa siku: njano na chungwa zilikatwa mchana wa jua kali, waridi na kijani zilikatwa jioni baada ya mvua ya kutwa.

Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kupanuka, na inapanuka zaidi kukingama na nyuzi zake kuliko kufuatana nazo. Kwenye sentimita 29, nusu asilimia tu ni milimita moja na nusu. Juu ya hapo, shiti mbili nilizilaza kwenye mkeka nyuzi zikienda juu, mbili zikienda upande, ili kubana matumizi ya manila. Kujua nyuzi zinaelekea wapi, kunja shiti taratibu bila kuivunja, kwanza kwa upande mmoja, halafu kwa mwingine. Upande inaokunjika kwa ulaini, nyuzi zinafuatana na mkunjo.

Sasa utaratibu ni huu. Shiti zote nne zinawekewa alama ya nyuzi kwa penseli, zinalala pamoja usiku kucha chumba kimoja, zinakatwa zote mchana mmoja zikielekea upande mmoja. Kama mvua inanyesha, inyeshe. Muhimu zote zinyeshewe sawa, kwa namna ya kusema. Nilirudia waridi na kijani na vyote vikaingia. Umeme ulikatika katikati ya kijani na ile karatasi ikaenda, kwa sababu mashine ikiwaka upya haikumbuki ilipoishia.

Jumamosi, 26 Aprili: unene

Sikukuu ya Muungano, hakuna shule, mafundi wadogo wamejaa mezani.

Manila peke yake ni nyepesi mno. Nilitaka kila kipande kiwe na matabaka matatu: manila juu, na chini yake karatasi mbili ngumu za gramu 300 kwa mita ya mraba, mabaki niliyouziwa na wachapaji Kariakoo kwa 10,000 fungu zima. Jumla inakaribia milimita moja.

Kwa gramu 300: kisu 6, nguvu 30, kasi 2, mapito mawili. Usijaribu pito moja kwa kisu kirefu zaidi, ncha inakwama kwenye kona za Rukwa na Katavi na kuichimbua karatasi.

Kubandika ndiko kulikoleta taabu. Mkono wa binadamu haupangi matabaka matatu bila kupishana hata kidogo, na kisu, tofauti na msumeno, hakili karatasi. Hakiachi nafasi yoyote kati ya vipande. Tabaka la chini likichungulia kwa nusu milimita, mkoa haurudi mahali pake. Binti yangu na binamu zake walibandika Lindi, Ruvuma na Mtwara, na hakuna hata mmoja ulioingia.

Niliacha kupambana na mikono ya watoto, nikabadilisha faili. Tabaka la juu limebaki kwa ukubwa kamili. Matabaka mawili ya chini nimeyapunguza nusu milimita kuzunguka kila mkoa, kwa amri ya Inkscape ya kuingiza umbo ndani. Sasa wakibandika kombo kidogo, kombo inajificha chini ya manila. Kati ya mkoa na mkoa kwenye karatasi ngumu unabaki utando wa milimita moja. Unaondoka wenyewe ukibandua, mwingine unabaki kwenye mkeka na kukwanguliwa kwa kadi ya simu.

Gundi nyeupe ya mbao ilipinda vipande vyote vya kwanza kama vigae vya paa. Ina maji mengi, karatasi inavimba upande mmoja. Gundi ya fimbo haina shida hiyo. Nyeupe nimeiachia kazi ya ubao tu.

Jumapili, 11 Mei: ubao na majina

Fundi seremala alinikatia vipande vinne vya MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, sentimita 30.5 kila upande, kwa 14,000. Juu yake inakaa manila nyeupe yenye mipaka na majina ya mikoa, ili mtoto akiinua kipande aone jibu chini.

Majina yanaandikwa na mashine yenyewe kwa kalamu. Ukitumia fonti ya kawaida, kalamu inazunguka kila herufi na kuiacha tupu katikati kama bomba. Inkscape ina Hershey Text, ndani ya menyu ya viendelezi, inayotoa herufi za mstari mmoja. Kalamu ya maandishi ya rangi, ile ya 500, niliizungushia selotepu ya karatasi mpaka ikabana kwenye kishikio. Weka kipande cha kadi chini ya ncha wakati wa kukaza kalamu, ukitoe baadaye. Bila hivyo ncha inakandamiza, na "Manyara" yangu ya kwanza iligeuka doa.

Jumamosi, 24 Mei: mikononi mwa watoto

Ramani ya kwanza ilikamilika, fremu yake, ile sehemu inayozunguka nchi, ikiwa ya matabaka matatu kama vipande. Ikapendeza, imelala sawa kabisa kama kigae sakafuni. Watoto wakaijaza. Kuitoa mikoa wakashindwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kuingiza ukucha. Mmoja aliipindua ramani nzima na kuigonga mgongoni, nchi ikamwagika chini ya kochi.

Fremu nimeibandua tabaka la juu, ikabaki na mawili. Mikoa sasa imeinuka kwa unene wa manila moja, inatosha kidole kuisukuma pembeni na kuishika. Kwa ramani tatu zilizobaki tabaka hilo sikuliweka tangu mwanzo. Faida nyingine ni kwamba fremu imebaki nyeupe, na watoto wamepewa penseli za rangi wapake Bahari ya Hindi na maziwa wenyewe. Ziwa Nyasa la binti yangu ni la zambarau.

Mwalimu aliomba jambo moja, mshale wa kaskazini. Nimeuongeza kwenye faili la kalamu.

Jumamosi, 7 Juni: hesabu

Vifaa vya ramani nne: manila 8,000, karatasi ngumu 10,000, MDF 14,000, gundi za fimbo 7,500, gundi nyeupe 4,000, kalamu 1,500. Jumla 45,000, yaani 11,250 kwa ramani, pamoja na shiti zilizoharibika. Kando ya hizo kuna kisu cha 45,000 ambacho sikukihitaji siku ile, ila sasa kinatumika, na mkeka mpya wa 38,000, maana ule wa zamani ulikata tamaa kwenye karatasi ngumu.

Mtu akiniuliza kama anunue mashine kwa ajili ya ramani moja, nitamwambia hapana. Kisu cha mkono, rula ya chuma na uvumilivu vinatosha kwa moja. Mashine inaanza kulipa ukitaka nakala, au kipande kikipotea.

Jumamosi, 28 Juni: Katavi

Kimepotea, shuleni. Nimefungua faili, nikafuta kila kitu isipokuwa Katavi: umbo moja kamili kwa manila, mawili yaliyopunguzwa kwa karatasi ngumu. Kwa kipande cha peke yake usitumie faili la mipaka ya ndani, mistari yake haifungi umbo. Rudi kwenye faili la mikoa kamili. Mabaki ya njano yalinitosha. Nimekipunguza robo milimita zaidi kuzunguka, kwa sababu majirani zake, Kigoma, Tabora na Rukwa, wamevimba kingo kwa kushikwashikwa, na kipya cha ukubwa kamili hakikuingia. Mwalimu amenitumia picha, kimekaa. Nimemkatia na Mjini Magharibi ya akiba, mbili, azifungie kwenye bahasha nyuma ya ubao.